Boya linakupa muda, ila nani anajua uko wapi?

Kwaya ya usharika wetu hapa Moshi inaenda Zanzibar mwezi wa saba, na tangu tangazo litoke group la WhatsApp halijalala. Sare, nauli, nani analala na nani, hayo yote yamejadiliwa mpaka yakaisha. Alafu mama mmoja wa sauti ya kwanza, mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniuliza mimi kwa jina, "Mwanangu, wewe ulikuwa baharia, hivi lile boya mtu ukishalivaa ndo umepona?" Nikaanza kumjibu palepale, nikaona jibu linakua refu, na kwenye group hakuna anayesoma meseji ndefu, basi nimelileta huku.

Shikamoo mama. Jibu ni hapana. Boya linakupa muda tu, linakuweka juu ya maji mdomo wako ukiwa nje ili uendelee kupumua, basi, kazi yake imeishia hapo. Kama huo muda utakusaidia au la inategemea kama kuna mtu mahali fulani anajua uko kwenye shida na anajua uko wapi. Sisi huku tumefundishwa ile nusu ya kwanza, vaa boya vaa boya, na ni sawa kabisa, ila nusu ya pili sijawahi kusikia mtu akiisema, si kanisani, si shuleni, si kwenye basi la kwenda Dar. Na kuikosa hiyo nusu ya pili ndo kunakoua watu ambao tayari wameshaelea.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Titanic, Aprili 1912. Watu wengi wanajua habari ya boti za kuokolea kuwa chache, zilikuwa 20 zenye nafasi za watu kama 1,178 wakati melini kulikuwa na zaidi ya 2,200. Ila maboya yalikuwepo ya kumtosha kila mtu na yakabaki. Wale zaidi ya 1,500 waliokufa, wengi wao walikuwa wameyavaa, wakafa kwa baridi ya maji wakielea. Na usiku ule kulikuwa na meli nyingine jirani, Californian, imesimama kwa sababu ya barafu, fundi wake wa redio alikuwa kazima mitambo kaenda kulala. Walioko zamu wakaona fataki nyeupe angani wakabaki wanajiulizana ni za nini. Carpathia ndo ilisikia redio, ila ilikuwa mbali, ikafika karibu saa kumi alfajiri, Titanic imeshazama saa nane na dakika 20. Ndo maana mwaka 1914 mataifa yakakaa London yakaandika mkataba wa SOLAS, yaani wa usalama wa maisha baharini, na moja ya mambo waliyoyabana ni kwamba kwenye meli kubwa lazima awepo mtu anayesikiliza redio masaa 24. Naona watu wanaikumbuka Titanic kwa ajili ya zile boti, mimi naikumbuka kwa ile redio iliyozimwa.

Sasa tuje kwetu, na hapa naandika kwa uzito maana wako watu wa huku mlimani waliopoteza ndugu. MV Bukoba, Mei 21, 1996, imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikapinduka, zaidi ya watu 800 wakaondoka. Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikazama kwenye mkondo wa Nungwi saa saba za usiku huko, imebeba watu wengi kupita uwezo wake kwa mbali sana. Waliopona ni zaidi ya 600 na wengi walishikilia magodoro, mbao, chochote kilichoelea, mpaka kunapambazuka boti zikawafikia. MV Skagit mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo wa kusi ukiwa mkali. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kule Ukara, uwezo wake watu 101, waliokufa peke yake ni zaidi ya 220, na nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Fundi wa mitambo alitolewa mzima baada ya kama siku mbili, alikuwa ndani ya chumba kilichobakiwa na hewa.

Ukizisoma hizi ajali zote pamoja kuna kitu kimoja kinajirudia na kinaniuma kuliko vyote, hakuna aliyejua mle ndani wako wangapi. Orodha ya abiria inasema hivi, waliopanda ni vile, watoto hawajaandikwa, waliopandia mlangoni hawajaandikwa. Sasa muokoaji anajuaje kama amemaliza kutafuta? Kwa hiyo mama, ukifika bandarini ukaona wanaandika majina, usikasirike kwamba foleni ni ndefu, andika jina lako kamili na la mjukuu uliyempakata, asikwambie mtu kwamba mtoto haandikwi. Na orodha ya kwaya nzima, jina la boti, saa ya kuondoka, ibaki nakala kwa katibu wa usharika hapa Moshi, alafu mkishuka Malindi, pale bandarini Unguja, mmoja atume meseji "tumefika". Meseji isipofika masaa mawili baada ya muda uliopangwa, katibu ajue anampigia nani. Haigharimu hata shilingi mia.

Haya, tuje kwenye boya lenyewe, yaani jaketi la kuokolea, maana nalo watu hawalijui vizuri.

Mtu wa kilo 100 ananiuliza litambeba kweli? Litambeba. Mwili ukiwa majini uzito wake karibu wote unabebwa na maji yenyewe, kinachohitajika ni nguvu ndogo tu ya kuinua kichwa. Jaketi la mtu mzima la kiwango cha kawaida cha bahari linatoa kama nyutoni 150, yaani kama kilo 15 za kuinua, na inatosha. Ila sio kuinua tu, jaketi zuri limekatwa kiasi kwamba hata ukizimia linakugeuza uso juu ndani ya sekunde 5 na kuuweka mdomo wako sentimita 12 hivi juu ya maji. Hii ndo tofauti na lile povu la kufundishia kuogelea, na hii ndo tofauti na dumu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linainua karibu kilo 20, limeokoa wavuvi wengi na kama huna kitu lishike, ila ukichoka au ukizimia unaliachia na hakuna wa kukugeuza.

Alafu kuna ukubwa. Kwa kanuni za SOLAS jaketi la mtu mzima ni kuanzia kilo 43, la mtoto ni kilo 15 mpaka 43, chini ya hapo kuna la kichanga. Ukimvalisha mtoto wa darasa la pili jaketi lako akiingia majini anachomokea chini, jaketi linabaki juu. Tazama kama kuna mkanda wa kupita katikati ya miguu, ufunge. Hata mtu mzima, kaza mikanda mpaka mtu akikuinua kwa mabega ya jaketi lisipande masikioni.

Pale soko la Memorial huwa naona kwenye mitumba yale majaketi membamba ya kujijaza upepo, vijana wanayauza kama vizibao vya kuendeshea bodaboda. Mangi, ukikutana nalo ukataka kulinunua kwa kazi ya majini, fungua ndani utafute kichupa cha gesi. Mara nyingi kimeshatobolewa au kimeota kutu, na kidonge kinachoyeyuka maji yakiingia ili kifyatue gesi nacho kina tarehe ya mwisho. Bila hivyo viwili hicho ni kizibao kweli, hakuna zaidi. Wenye majahazi wanaoniuliza huwa nawaambia wachukue ya povu, povu halihitaji kufyatuliwa.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kujijazia upepo ukiwa bado ndani. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia, safari namba 961, ilitekwa ikaishiwa mafuta ikatua majini pembeni kabisa ya ufukwe wa Ngazija, kule Komoro. Ndani walikuwa 175, wakafa 125. Wengi walinusurika ule mgongano, ila walikuwa wamejaza maboya yao wakiwa bado kwenye viti, maji yalipoingia yakawainua yakawabana kwenye dari, mlango uko chini hawawezi kuzamia kuufikia. Yule mhudumu kwenye ndege inayotoka KIA akisema usijaze mpaka uko mlangoni, hiyo ndo sababu yake. Kwenye boti ni hivyohivyo, hata la povu linakusukuma darini, ukisikia hali sio nzuri toka kwanza nje, deki, ndo uanze kuhangaika na mikanda. Ukilazimika kuruka, mkono mmoja ushike jaketi kwa nguvu chini, mwingine uzibe pua na mdomo, miguu pamoja, na uangalie chini kabla ya kuruka maana unaweza kumuangukia mwenzio.

Sasa umeelea. Hapa ndo nilipotaka tufike.

Kichwa cha mtu majini ni kidogo mno. Nimesimama zamu kwenye daraja la meli, bahari ina mawimbi ya mita moja tu, na nakwambia kichwa kikiwa mita mia chache hukioni, unaona povu, unaona kivuli, unaona tena povu. Mtu aliyeko majini anaiona meli vizuri kabisa, anaona taa, anaona mpaka madirisha, anapunga mkono analia, na sisi hatuna habari. Poon Lim, Mchina aliyekuwa mhudumu kwenye meli ya Waingereza iliyopigwa torpido Novemba 1942, alikaa peke yake kwenye chelezo cha mbao siku 133 mpaka wavuvi wa Brazili wakamuokota. Kuna meli ilimpita. Ndo maana kwenye jaketi kuna vitu vitatu ambavyo watu hawavigusi. Filimbi, sauti yako itakauka ndani ya nusu saa, filimbi haikauki. Taa ndogo, inatakiwa iwake masaa 8, nyingine zinawaka zenyewe zikiguswa na maji, nyingine lazima uvute kitu, kwa hiyo ukilivaa jaketi angalia ni ipi. Na zile nembo za kung'aa mabegani, zinarudisha mwanga wa tochi ya muokoaji, usizifunike na kanga. Mkiwa wengi shikaneni mkae kundi, kundi linaonekana, mtu mmoja mmoja haonekani, na pia mnahifadhiana joto. Maji ya huku ni ya vuguvugu ila usiku mzima yanakunyonya joto vilevile.

Kioo. Hiki kitu nakipenda sana kwa sababu jua letu ni bure. Kioo kidogo cha mfukoni ukirudishia jua kuelekea ndege au meli mwanga wake unaonekana kilomita nyingi kuliko chochote kingine ulichonacho mchana. Nyoosha mkono mmoja vidole viwili vifanye alama ya V, iweke meli katikati ya V, alafu cheza na kioo mpaka mwanga ugonge vidole vyote viwili.

Fleya, zile fataki za dharura, ziko za aina tatu na kila moja ina wakati wake. Ya roketi inapanda mita 300 inafungua parachuti inawaka nyekundu sekunde 40, hii ni ya kumwita mtu wa mbali, ya mkononi inawaka dakika moja, hii ni ya kumwonyesha aliyekaribia kwamba niko hapa, na ya moshi wa rangi ya chungwa dakika 3, ya mchana tu, na ndege inaupenda moshi kwa sababu unaionyesha na upepo. Usirushe roketi kwa sababu umeogopa. Rusha ukiwa umeona meli au umesikia injini, maana sekunde 40 zikiisha zimeisha. Ya mkononi ishike nje ya boti, upande ambao upepo unaondoka nao, usiitazame, makaa yake yanatoboa rafti, lile boya kubwa la kukaa watu. Tarehe ya mwisho huwa kama miaka mitatu tangu itengenezwe, na nimeona boti zenye fleya zilizopitwa zamani, zimefungwa vizuri kwenye nailoni, mwenye boti anajivunia kwamba anazo.

Yale mapipa meupe yaliyolala pembeni mwa deki, ambayo watu hupigia picha wakidhani ni matangi, ndo laifurafti. Kuna kifaa kidogo kinachohisi kina, meli ikizama, kabla ya mita 4 kinakata kamba pipa linapanda juu lenyewe na kufunguka. Ndani kuna maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, biskuti, vidonge vya kichefuchefu (meza mapema hata kama hujisikii vibaya, kutapika kunamaliza maji mwilini), fleya, kioo, filimbi, na nanga ya kitambaa inayoizuia rafti isisafiri na upepo. Hiyo nanga iteremshe mapema, kwa sababu muokoaji ataanzia pale meli ilipozama.

Ila vyote hivyo vinamsubiri mtu apite karibu. Vinavyomwita aliye mbali ni viwili, redio na EPIRB.

Redio ya VHF, chaneli 16, boti yenye redio inatakiwa iisikilize. Chuo cha Bahari pale Dar walitukaririsha mpaka usingizini: MAYDAY mara tatu, jina la boti mara tatu, alafu uko wapi, umepatwa na nini, unataka msaada gani, mko wangapi. Uko wapi inatangulia kwa sababu betri ikikata baada ya sentensi moja angalau hiyo imeenda. Kama Kiingereza kimekukimbia sema kwa Kiswahili, pwani hii yupo atakayekuelewa. Redio za siku hizi zina kitufe chekundu chenye kifuniko, ukikifunua ukakibonyeza ukashikilia sekunde chache inatuma yenyewe namba ya chombo na mahali ulipo kupitia chaneli 70, hata kabla hujaongea. Kama hujui mahali ulipo, simu yako inajua, GPS haihitaji bando wala mtandao, fungua ramani, gusa lile doti la bluu usome namba. Fanya mazoezi leo ukiwa Kiboriloni umekaa.

EPIRB ni kile kidude cha njano au chungwa chenye antena kilichokaa kwenye kibanda chake nje ya chumba cha nahodha. Kikizama kinajifyatua, kinaelea, kinaanza kutuma ishara kwa 406 MHz kila baada ya sekunde kama 50, masaa 48. Setilaiti inaidaka, inashusha kituo cha chini, kituo kinasoma kitambulisho, kinajua ni chombo cha nchi gani, kinapiga simu kituo cha uokoaji cha eneo hilo. Mfumo unaitwa Cospas-Sarsat, waliuanzisha Marekani, Kanada, Ufaransa na Sovieti, kipindi ambacho Marekani na Sovieti walikuwa hawapatani kwenye mambo mengi, na watu wa kwanza kuokolewa nao walikuwa watatu wa ndege ndogo iliyoanguka milimani Kanada, Septemba 10, 1982. Miaka 29 kamili baadaye, tarehe hiyohiyo, watu wako Nungwi wameshikilia magodoro wanasubiri kuche. Kila nikiziweka hizi tarehe mbili pamoja nashindwa kuendelea na kazi, maana ule ujuzi ulikuwepo tayari duniani.

Sharti lake moja, kisajiliwe, na usajili uwe na namba ya simu inayopatikana. Ishara nyingi zinazoingia ni za bahati mbaya, mtu kakigusa akiosha boti, kwa hiyo kituo kwanza kinapiga simu kuuliza. Kidude kilichonunuliwa mtumba bado kina jina la mwenye boti wa Ulaya, simu itaita huko, na wewe unaelea Pemba.

Na kuna watu wa karibu zaidi ninaowafikiria kuliko hata abiria wa Zanzibar, wavuvi wa Nyumba ya Mungu. Lile bwawa lilijengwa miaka ya 1960, liko kusini yetu hapa, samaki wake tunawala kila siku mjini. Vijana wanatoka na mtumbwi wawili wawili, hakuna jaketi, hakuna redio, upepo ukibadilika mtumbwi unageuka, na mtu wa kwanza kushtuka ni mke asubuhi akiona mume hajarudi. EPIRB kwao ni ndoto ya bei, sitawadanganya. Ila dumu la lita 20 lililofungwa kwa kamba kwenye mtumbwi wanaliweza, filimbi shingoni wanaiweza, simu kwenye nailoni iliyofungwa fundo mbili yenye namba ya Zimamoto, 114, wanaiweza. Na pale mwaloni, mitumbwi inakofikia, liwepo daftari na mzee mmoja wa kulishika: nani ametoka, na nani, saa ngapi, ameelekea upande gani, atarudi saa ngapi, na akichelewa saa moja watu wanashuka na mtumbwi kumfuata bila kusubiri kukucha. Nimeshaongea na viongozi wa mialo miwili, mmoja amekubali, wa pili anasema vijana watadhani wanachungwa. Wiki ijayo nashuka tena na madaftari, na mwenye filimbi za refa wa mpira ambazo hazitumiki aniletee dukani kwangu.